Nikitoka kwa miguu kwenye shughuli zangu naona ndege kila mahali, mnawatambuaje bila darubini na bila muda?

Mwanagenzi

Habari wakuu. Sijui kama hili ndo jukwaa lake ila humu kuna watu wa kila aina kwa hiyo naleta tu.

Mi si mtu wa ndege, sijawahi kushika darubini na sina mpango wa kwenda kukaa porini. Ishu ni kwamba siku hizi vishughuli vyangu vidogo vidogo navifanya kwa miguu, kwenda dukani, kupeleka kitu kwa fundi, kumsubiri mtoto atoke shule, na nikiwa natembea hivyo naona ndege ambao nahisi walikuwepo siku zote ila nikiwa ndani ya gari nilikuwa nawapita. Kuna wadogo wa kahawia wanarukaruka chini ya kuta, kuna wengine wanazunguka juu ya maghorofa kwa kasi mpaka jicho linachoka kuwafuata na hawatui, yaani sijaona hata mmoja ametua, halafu kuna kunguru wawili njiani ambao nina hakika kabisa wananijua.

Tatizo nikisimama nimwangalie mmoja vizuri anaondoka. Nikitoa simu kashapotea. Nikifika nyumbani nikitafuta "ndege mdogo wa kahawia" naletewa rundo la picha zote zinafanana. Mikono ina mizigo, nusu saa ya kukaa chini ya mti sina, na nikisimama sana mbele ya geti la mtu macho juu, watu wanaanza kuniangalia mimi. Nyie mnaojua mnafanyaje? Mtu anayepita tu anaweza kujifunza au hii ni kazi ya wenye vifaa? Na kwanini asubuhi wanakuwa wengi, mchana huwaoni?

kona_ya_pili

Angalia barabara kwanza mkuu. Wao wana mabawa, wewe huna.

Bi Tetere

Karibu Mwanagenzi. Vifaa achana navyo kwa sasa. Darubini ni nzuri lakini ukiwa na mfuko mkono mmoja na mtoto mkono mwingine utaishikia wapi.

Kinachokusumbua sio macho ni haraka ya kutaka jina. Mtu akiona ndege kitu cha kwanza anajiuliza "huyu nani" halafu anainamia simu, na zile sekunde chache ndege alizokuwa mbele yake zinaishia kwenye kioo cha simu. Mwangalie mpaka aondoke mwenyewe. Jina utalitafuta ukiwa umekaa, na utalipata haraka zaidi maana utakuwa na cha kutafutia.

Anza na ukubwa, na ukubwa usiukadirie kwa sentimita maana ndege aliye mbali anadanganya. Chukua ndege watatu unaowajua tayari, shomoro, njiwa na kunguru, kila unayemwona mpime kwa hao. Mdogo kuliko shomoro? Kati ya shomoro na njiwa? Mkubwa kuliko kunguru? Hapo tu ushatupa nje ndege kibao.

Kisha mdomo, kwa sababu mdomo unakwambia anaishi kwa nini. Mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, ndo wa shomoro na chiriku. Mwembamba umechongoka ni wa kudonoa wadudu. Mrefu uliopinda kwa ndege mdogo mwenye rangi za kung'aa ni wa kufyonza maua, hao ni chozi. Ulio na ndoano mbele ni wa kuchana nyama, mwewe, kipanga na jamaa zao. Ukishajua mdomo hata kama rangi hukuiona una jibu nusu, na rangi ndo kitu cha mwisho cha kukiamini, jua likiwa nyuma yake kila ndege ni mweusi.

Halafu tazama anavyotembea. Watu wengi hawalioni hili ingawa liko wazi kabisa. Shomoro akiwa chini anaruka miguu yote miwili pamoja, njiwa anatembea mguu mmoja mmoja, kunguru anafanya yote mawili kutegemea ana haraka kiasi gani. Na mkia je, umegawanyika mwishoni au umekatika sawa, anautikisa au ametulia. Akiruka anapiga mabawa mfululizo au anapiga kidogo anaacha anashuka anapiga tena anapanda, kigogota anaruka hivyo, njia yake angani ni mawimbi matupu.

Hao wako wa kahawia chini ya kuta kwa asilimia kubwa ni shomoro. Mwangalie koo, dume ana doa jeusi kooni linashuka hadi kifuani, jike hana, yeye ana mstari hafifu wa rangi ya mchanga nyuma ya jicho. Usidhani ni ndege wa kudharau, yuko kila bara isipokuwa Antaktika. Marekani kwa mfano hakuwepo, watu walimpeleka New York miaka ya 1850 akatapakaa. Lakini pia Uingereza walijikuta wanapungua sana mpaka 2002 wakawekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Kwa hiyo hata wa kawaida wanafaa kuangaliwa wakiwa bado wa kawaida.

Mwanagenzi

Aisee Bi Tetere asante sana, hiyo ya kumpima kwa shomoro njiwa na kunguru naianza kesho. Na hao wanaozunguka juu bila kutua? Jirani yangu anasema ni mbayuwayu ila mbayuwayu mbona nawaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme.

sikio_moja

Umejijibu mwenyewe mkuu. Aliyetua kwenye waya ni mbayuwayu. Asiyetua kwenye waya hata siku moja ni teleka. Watu wengi wanawaweka fungu moja kwa sababu wote wanakamata wadudu angani lakini wala sio ndugu wa karibu.

Teleka mabawa yake ni membamba marefu yamepinda kama mundu, na kabla ya giza wanapita kundi zima kati ya majengo wanapiga kelele nyembamba ya kukwaruza. Miguu yake ni mifupi mno, vidole ni vya kung'ang'ania ukuta na sio vya kukalia tawi au waya, ndo maana hujamwona ametua, akitua anaingia moja kwa moja kwenye tundu la jengo ambako kuna kiota. Sasa sikia hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund kule Uswidi waliwafunga teleka wa Ulaya vifaa vidogo vya kurekodi, matokeo wakayatoa 2016, wakakuta kati ya msimu mmoja wa kuzaa na mwingine, miezi 10, baadhi yao hawakutua kabisa! Na wale waliotua, walitua kwa muda mdogo sana. Wanakula huko huko, wanaishi huko huko. Kwa hiyo ukimwona anapita juu ya kituo cha basi wewe ukiwa kwenye foleni huna cha kumwambia kuhusu uchovu.

Mbayuwayu mkia wake umegawanyika, wale wa kawaida wana nyuzi mbili ndefu pembeni, na anaruka chini chini, juu ya majani au juu ya maji, halafu anatua kupumzika.

kona_ya_pili

Nauliza tu, hao wa kwenye nyaya mbona hawapigwi shoti?

fundi_saketi

Hapo sasa mmefika kwangu. Ndege ameshika waya mmoja tu, miguu yote miwili iko kwenye volteji ile ile, umeme hauna sababu ya kupita mwilini mwake wakati waya wenyewe ni njia rahisi zaidi. Siku akigusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na chuma cha nguzo kilichounganishwa na ardhi, imekwisha. Mdogo hafiki, miguu na mabawa yake ni mafupi. Wanaokufa ni wakubwa, korongo, tai, hao bawa moja linagusa huku lingine kule. Kwahiyo shomoro kwenye waya usimwonee huruma, mwonee huruma tai kwenye nguzo.

sikio_moja

Narudi kwenye swali la asubuhi na mchana maana hakuna aliyelijibu. Hawajaondoka, wamenyamaza. Alfajiri ndo wanaimba kutangaza eneo lao na kutafuta mwenza, halafu wameamka na njaa wanahangaika huku na huku, ndo unawaona. Jua likiwa kali wanaingia kwenye kivuli cha majani wanatulia. Jioni wanatoka tena kidogo kabla ya kwenda kulala. Kama shughuli yako inaweza kufanyika asubuhi ifanye asubuhi, kama haiwezi basi tembea upande wenye miti na uache kutafuta juu, tafuta ndani ya majani, kitu kinachotikisika wakati hakuna upepo.

Na mimi nitasema jambo ambalo Bi Tetere hakulisema, vua visikizio masikioni. Mwenye mizigo mikono haina nafasi, macho yanaangalia pa kukanyaga, lakini masikio yako huru muda wote. Ndege wengi ninaowajua nimewajua kwa sauti kabla sijawaona. Usijaribu kujifunza sauti zote, shika moja tu unayoisikia kila siku njiani ambayo hujui ni ya nani, ifuatilie mpaka umwone mwenyewe anaimba, mdomo unafunguka. Ukishamwona na sauti yake haikutoki tena kichwani. Kisha chukua nyingine.

Kelele za magari msiseme ni tatizo lenu peke yenu. Uholanzi mwaka 2003 watafiti wa Leiden walionyesha kuwa kuna ndege mmoja mdogo mwenye mashavu meupe, anayeishi kwenye mitaa yenye kelele anaimba kwa sauti nyembamba ya juu kuliko mwenzake wa mitaa iliyotulia, kwa sababu mngurumo wa magari ni wa chini unafunika noti za chini. Halafu 2020 watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, huko San Francisco watafiti wakarekodi ndege wengine kabisa, wakakuta wameacha kupaza sauti vile na bado nyimbo zao zinafika mbali zaidi kuliko mwanzo. Yaani sisi tulinyamaza na wao wakashusha sauti.

Pesa Mkononi

Sawa mmeongea vizuri ila faida yake nini? Ndege ni ndege. Mtu ametumwa kitu arudi na kitu.

Bi Tetere

Pesa Mkononi nilijua utakuja.

Ukitaka faida ya kitaalamu ipo, King's College London 2022 walitoa utafiti, watu kama 1,300 walikuwa wanaulizwa kupitia simu mara kadhaa kwa siku wako wapi, wanaona au kusikia ndege, na wanajisikiaje. Waliokuwa wameona au kusikia ndege walijisikia vizuri zaidi na hali hiyo ilidumu hadi muda wa masaa nane baadaye, hata kwa wale wenye sonona. Lakini mi binafsi sipendi kuutumia utafiti huo kuwashawishi watu. Mtu akiambiwa aangalie ndege ili apone mawazo, anawaangalia huku anajipima, "nimepona? bado?" Hiyo ni kazi nyingine tena.

Mi naangalia kwa sababu wanafanya vitu vya ajabu mbele ya watu na watu wanapita. New Zealand, mji wa Hamilton, kwenye kituo cha mabasi chenye mkahawa na milango ya kujifungua, shomoro walijifunza kupita taratibu mbele ya kile kijicho cha mlango, au wanakaa juu yake wanainamisha kichwa mpaka mlango unafunguka, wanaingia kuokota makombo wanatoka. Iliandikwa na wanasayansi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sasa fikiria abiria wangapi walipita hapo na mabegi yao bila kujua kuwa aliyewafungulia mlango ni shomoro.

Au njiwa. Kila mtu anajua njiwa akitembea kichwa kinakwenda mbele nyuma mbele nyuma. Kichwa hakirudi nyuma! Mtazame vizuri, anakisukuma mbele, kinasimama pale pale hewani, mwili unakifuata, kisha anakisukuma tena. Anafanya hivyo ili picha anayoiona isitikisike. Mtafiti mmoja wa Kanada, Barrie Frost, mwaka 1978 aliwaweka njiwa kwenye mkanda unaozunguka chini ili watembee huku dunia inayowazunguka imesimama, na vichwa vikaacha kuchezacheza. Hili unaweza kulihakiki mwenyewe kwenye foleni yoyote, bure, na hupotezi hata dakika ya shughuli yako. Na ukiwa hapo jiulize mbona hujawahi kuona kifaranga cha njiwa. Kwa sababu anakaa kiotani karibu mwezi mzima, akitoka ni mkubwa karibu sawa na wazazi.

Pesa Mkononi

Hiyo ya kichwa nitaiangalia. Sio kwamba nimekubali.

Miguu Mingi

Naomba niunganishe swali hapa hapa nisifungue uzi mwingine. Mleta mada kasema kunguru wanamjua, mimi wangu wananichukia. Kuna mti mmoja njiani kila nikipita mmoja anashuka nyuma ya kichwa changu mpaka nasikia upepo wa bawa. Wengine wanapita salama. Sijamfanya kitu chochote. Nikibadilisha njia nazunguka mbali sana, nifanyeje?

sikio_moja

Kuna kiota au kuna kinda limetoka kiotani haliruki vizuri. Ni suala la wiki chache tu litaisha. Kunguru karibu wote wanakuja kutoka nyuma, mtu akimgeukia anaghairi, kwa hiyo pita huku unamtazama, au fungua mwavuli. Usikimbie na kabisa kabisa usimrushie jiwe, maana hapo ndo utakuwa umejiandikisha.

Hawa wanakumbuka sura. Seattle, Chuo Kikuu cha Washington, John Marzluff na wenzake mwaka 2006 walivaa barakoa ya mtu wa kale wakakamata kunguru 7, wakawavisha pete wakawaachia. Baada ya hapo yeyote aliyekatiza chuoni na ile barakoa alizomewa, na waliokuwa wanazomea sio wale 7 tu, hata ambao hawakukamatwa walijiunga, na iliendelea miaka. Barakoa nyingine ambayo haikuhusika na ukamataji wakaiacha ipite. Inawezekana kuna mtu unafanana naye tu ndugu yangu, au mna kofia moja.

Mwanagenzi

Hahaha masikini Miguu Mingi. Wangu hawanishambulii wananifuata tu kutoka nguzo hadi nguzo, nadhani ni kwa sababu mtoto anadondosha vitu.

sikio_moja

Basi wanamjua mtoto, wewe ni msindikizaji.

Na kwa kuwa umetaja kudondosha, ukiwa sehemu yenye shakwe au mwewe wanaopora watu mikononi, mwangalie ndege machoni. Shakwe walijaribiwa Uingereza na Chuo Kikuu cha Exeter, 2019, wakiangaliwa na mtu walichelewa zaidi kusogelea chakula kuliko mtu akigeukia pembeni. Mwewe sina uhakika naye hivyo, yeye anakuja kwa kasi kutoka juu, kwake huyo funika tu mfuko.

Mama_wa_Kona

Wapendwa naomba msaada, leo nikitoka kwenye shughuli nimemkuta ndege mdogo chini pembeni ya njia, ana manyoya ila mkia mfupi, hawezi kuruka, analia. Nimemwacha ila roho inaniuma. Nilipaswa kumchukua?

Bi Tetere

Mama umefanya sawa kabisa. Mwenye manyoya na mkia mfupi ametoka kiotani kwa wakati wake, siku hizo anakuwa chini au kwenye vichaka vya chini anajifunza, na wazazi wako karibu wanamletea chakula, wanasubiri wewe uondoke. Akiwa katikati ya barabara au kuna paka, msogeze hadi kwenye kichaka cha karibu, basi. Kumgusa hakumfanyi mama yake amkatae, hayo ni maneno tu. Ambaye hana manyoya, ngozi tupu, huyo kaanguka, ukikiona kiota na unakifikia mrudishe.

Tofauti ni yule unayemkuta amelala chini ya jengo la vioo. Huyo amegonga kioo, ameona mti au anga kwenye kioo akadhani ni kweli. Marekani peke yake makadirio ya watafiti ya 2014 yalisema ndege milioni 365 hadi 988 wanakufa hivyo kila mwaka. Akiwa bado anapumua mweke kwenye boksi la karatasi lenye vitundu vya hewa, funika kuwe na giza, weka mahali pa utulivu, usimnyweshe maji wala kumlisha. Baada ya saa moja hivi toka nje fungua. Akiwa amezinduka ataruka mwenyewe, asipozinduka tafuta daktari wa wanyama.

Mama_wa_Kona

Asante sana mama. Nitapita tena jioni nichungulie kwa mbali.

Mwanagenzi

Uzi umekuwa mtamu. La mwisho kwa upande wangu, programu za simu zile za kutambua ndege mnazionaje? Kuna mtu kaniambia unarekodi tu sauti inakutajia.

fundi_saketi

Merlin. Ni ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, haina malipo. Sehemu ya sauti waliiongeza 2021. Unapakua kifurushi cha eneo lako ukiwa na intaneti, baada ya hapo inafanya kazi hata bila bando. Kutambua kwa sauti haijafika kwa ndege wote wa dunia, wako zaidi ya 10,000, sehemu nyingine inajua wengi sehemu nyingine wachache, na barabarani honi na breki zinaichanganya. Ikikutajia jina lichukulie kama tetesi mpaka umwone ndege mwenyewe. Mi naipenda zaidi ile sehemu ya maswali, inakuuliza ulimwona wapi, lini, ukubwa, rangi, alikuwa anafanya nini, inakupa orodha fupi. Mambo yale yale aliyoyasema Bi Tetere.

Usielekeze simu kwenye madirisha ya watu. Geti lenye mlinzi msalimie kwanza umwambie unaangalia ndege, walinzi wanakaa hapo siku nzima wanajua kila kiota.

Bi Tetere

La walinzi nalikubali mia kwa mia, wao na wauza magazeti.

Niongeze moja halafu nikapike. Mwanagenzi unadhani kupita njia ile ile kila siku ni upungufu, kwamba wenye kwenda mbali ndo wanaona vitu. Mi nadhani wewe una bahati kuliko wao. Mtu anayekwenda mahali mara moja anajua kilichopo siku ile, hajui kilichokosekana. Wewe ukipita ukuta ule ule, mti ule ule, utajua shomoro wamebeba majani makavu mdomoni, maana yake kuna kiota, utajua siku mbayuwayu walipojaa kwenye waya na siku waya ulipobaki mtupu. Andika chochote nyuma ya orodha ya manunuzi, tarehe na nani ulimwona, hata kama jina hulijui andika "mdogo kuliko shomoro, mdomo mwembamba, anatikisa mkia". Ukitaka wengine wafaidike kuna eBird, hao hao wa Cornell waliianza 2002, watu wa kawaida wanaingiza walichokiona kwenye matembezi yao na wanasayansi wanakitumia.

Na usidhani ni lazima uwe mtaalamu. Zamani watu hawakuwa na hakika mbayuwayu wa Uingereza wanakwenda wapi baridi ikianza. Mwezi wa 5 mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire alimfunga pete mguuni mbayuwayu aliyekuwa na kiota kwenye baraza ya nyumba yake. Mwezi wa 12 mwaka 1912 ndege huyo akakamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini, pete ina anwani ya London, wakaandika barua. Ndege wa gramu 20 hivi. Na aliyemfunga pete alifanya hivyo barazani kwake tu.

Miguu Mingi

Nimepita leo na mwavuli, kakaa kwenye tawi ananitukana ila hajashuka. Bi Tetere na sikio_moja, na mkia wa kunguru kinda unakuwaje? Kuna mmoja chini ya mti ule anaonekana mzembe mzembe, mdomo wake ndani mwekundu.

sikio_moja

Ndo huyo huyo kinda, mdomo mwekundu ndani ni dalili tosha. Pita upande wa pili wa barabara mpaka ajue kuruka.

Pesa Mkononi

Nimewaangalia njiwa. Ni kweli kichwa hakirudi nyuma. Foleni imenipita watu wawili.